Bunduki ya Mume Wangu Inachongwa kwa Vipimo vya Harusi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukiweza unisaidie kabla ya tarehe ishirini na nane, maana siku hiyo kuna mbao itakatwa, na ikishakatwa nitakuwa mke mwongo wa kuonekana kwa macho, wakati kwa sasa ni mwongo wa ndani ya pindo tu.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na nne, chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu, dirisha moja linatazama barabara na jingine linatazama jikoni, kwa hiyo naweza kushona huku naangalia sufuria. Mume wangu kazi yake ilikuwa kuongoza wawindaji wenye vibali, yeye ndiye anayetangulia kusoma nyayo, na yeye ndiye anayesimama pembeni ya mgeni endapo mnyama atageuka. Miaka yote hiyo alibeba bunduki za kampuni, na bunduki za kampuni, mshauri, ni kama viatu vya kuazima, zilitengenezwa kwa bega la mtu ambaye hata hajulikani. Akirudi safari shavu limevimba, au bega limepiga weusi, namkanda kwa maji ya moto naye anacheka, anasema, "Ipo siku nitakuwa na yangu, mke wangu, nikiinyanyua tu inakuja yenyewe jichoni."

Basi amestaafu mwaka jana na siku yenyewe imefika. Kibali anacho, kabati la chuma lenye kufuli limeshafungwa ukutani, na fundi wa bunduki amepatikana, mzee mmoja anayetengeneza tatu tu kwa mwaka. Si ya kununua dukani, hii ni moja, ya kwake peke yake, ya mtindo wa kizamani, komeo la kusukuma kwa mkono, chuma cheusi kinachong'aa kama mbegu ya papai, na mbao ya kahawia yenye mistari myeusi ambayo fundi ameikausha darini miaka kumi na miwili kabla ya kuigusa. Hakuna plastiki, hakuna darubini juu. Mume wangu ana picha ya mbao hiyo kwenye simu, mbao tupu, haijachongwa hata kidogo, na anawaonyesha watu kama wengine wanavyoonyesha mjukuu. Juzi kamwonyesha muuza mkaa. Yule maskini akasema, "Hongera, mzee," hajui hata anapongeza nini.

Sasa kosa langu. Fundi anakaa mbali, safari ya siku nzima, kwa hiyo alituma karatasi ya vipimo, maana bunduki ya namna hiyo hukatwa kwa mwili wa mtu kama koti. Urefu wa mkono kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kidole cha kuvutia triga, upana wa kifua, mzunguko wa kifua, shingo, umbali kati ya shavu na jicho. Mume wangu akaja nayo chumbani kwangu, akaiweka juu ya cherehani, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wateja wawili waliokuwa wamekaa pale, "Jaza wewe, mama watoto. Vipimo vyangu unavyo, na havijabadilika tangu siku ya harusi!" Wale wanawake wakampigia vigelegele.

Mshauri, vimebadilika.

Vimebadilika miaka kumi na minane sasa, ila yeye hajui, kwa sababu mimi ndiye niliyemficha. Ilianza mwaka aliovunjika mguu. Alikaa ndani na plasta miezi mitano, mtu aliyezoea kutembea tangu alfajiri akawa anahesabu mijusi ukutani na kula kila alichowekewa. Siku ya kurudi kazini akavaa suruali yake ya kijani, ikagoma. Akakaa ukingoni mwa kitanda, suruali imefika mapajani, akasema polepole, "Basi tena. Mwili umeniacha." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata siku aliyoanguka hakusema hivyo, na moyo uliniuma mpaka leo nikikumbuka unauma. Nikamwambia, "Hebu kaoge kwanza, maji yanapoa." Akaingia bafuni. Nikafumua mshono wa nyuma nikauachia vidole vitatu nikaushona kwa mkono, haraka haraka, hata sindano yenyewe sikujua nimeiangushia wapi. Akatoka, akavaa, ikaingia. Akajitazama kwenye kioo, akajipiga tumbo, akasema, "Kumbe nilikuwa nimevimbiwa tu!" Akaenda kazini anapiga mluzi.

Sasa wewe ungefanyaje? Ningemfuata barabarani nikamwambie hapana, hukuvimbiwa?

Basi ndiyo nikaendelea. Suruali, mashati, makoti, kila kitu, na kitambaa cha akiba kikiisha ndani ya mshono naunga kipande cha rangi ileile. Kila mwaka siku tuliyooana huivaa suti yake ya harusi na kupita nayo sebuleni mbele ya watoto, amejiweka mikono kiunoni, anawaambia, "Ninyi vijana mnafutuka hata thelathini hamjafika. Tazameni chuma hiki!" Mshauri, suti ile kwa nyuma sasa ina kitambaa changu kingi kuliko cha fundi aliyeishona. Nasimama jikoni nacheka kwenye kitambaa cha vyombo. Na yeye hana habari kabisa. Kila baada ya miezi kadhaa ananiletea suruali anasema kifungo kimelegea, naangalia kifungo, na kwa kuwa niko hapohapo naangalia na mshono, anashukuru, yameisha. Kitu pekee nisichokigusa ni mkanda wake wa ngozi, huo ni wa tangu kazini, anaupaka mafuta mwenyewe na kuutoboa matundu mwenyewe kwa msumari, kwa hiyo huo haujawahi kuleta shida.

Basi siku ile ya karatasi alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mabegani mwangu, anasoma kila ninachoandika. Nikaandika vya harusi. Vyote. Na vile ambavyo suti haihitaji, kama vya shavu na jicho, nikavikisia kwa kijana yuleyule.

Wiki iliyopita fundi akapiga simu, kwa bahati nzuri akanipata mimi. Akasema, "Mama, huyu mtu wa vipimo hivi ana miaka mingapi?" Nikasema sitini na moja. Akasema, "Na anakula?" Nikamwambia mtandao unakatika. Akasema basi nisikilize, mtandao ukikatika nitapiga tena. Akanieleza kwamba mtu mwembamba mwenye kifua chembamba kitako cha bunduki yake huchongwa kimenyooka, lakini mwenye kifua kipana na shavu lililojaa chake huchongwa kikielekea nje kidogo, unene wa kidole tu, na unene huo wa kidole ndio unaoleta bunduki jichoni au kuipeleka puani. "Mama, kitambaa unaweza kuunga," akasema, "mbao haiungwi. Nikishakinyoosha sikipindishi tena. Tarehe ishirini na nane naingiza patasi. Niletee vipimo vya mtu aliye hai."

Nimejaribu. Jumapili baada ya chakula cha mchana alisinzia kwenye kochi, nikanyemelea na tepu, nikaanza kuizungusha kifuani. Akafungua jicho moja. "Unatafuta nini?" Nikasema, "Nzi." Akasema, "Haya," akafumba jicho, akainua mkono akauweka juu ya kichwa, akaendelea kulala. Mimi nikaogopa nikakimbilia jikoni na nusu ya kipimo.

Binti yetu mkubwa, muuguzi, ndiye pekee niliyemwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema, "Mama, mwambie baba. Umemdanganya kwa uzi, mwambie kwa mdomo." Rahisi kwake. Hakumwona siku ile ukingoni mwa kitanda. Nikisema ukweli namrudisha pale, na nikinyamaza atapata bunduki aliyoiota maisha yake yote, nayo itampiga shavu kama zile za kampuni, na atadhani kosa ni lake. Nifanyeje, mshauri? Nampenda mno, na tumbo lake nalipenda pia.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Uzi Mrefu


JIBU

Mama Mwenye Uzi Mrefu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa nacheka na ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nitaanza kwa kukugombeza, kisha nitakupa habari ambayo umeishi nayo nyumba moja miaka kumi na minane bila kuiona.

Umefanya vibaya kuijaza ile karatasi. Suruali ya uongo haimdhuru mtu, ikichanika watu watacheka na wewe utashona. Bunduki si suruali. Bunduki isiyomkaa mwenyewe inakosa shabaha, na ikikosa shabaha kuna mnyama anakimbia na jeraha porini, au kuna binadamu upande wa pili wa kichaka. Mumeo amefanya kazi hiyo maisha yake yote na anayajua hayo kuliko mimi na wewe, ndiyo maana alitaka ya kipimo chake. Wewe ni fundi. Mteja akikuletea vipimo vya dada yake unamfukuza na kitambaa chake. Halafu wewe unampelekea fundi mwenzako vipimo vya kijana aliyekuwepo zamani! Na hiyo ya mtandao unakatika, mama, kwa umri wako, aibu.

Nimemaliza kugomba. Sasa njoo karibu.

Kwanza, kifungo. Wewe ni fundi wa miaka thelathini na nne, hebu nikuulize, kifungo cha suruali hulegea kwa nini? Hulegea kwa kuvutwa. Mwanamume anayekuletea suruali kila baada ya miezi kadhaa na kusema kifungo kimelegea anakuambia suruali inabana, ila anakuambia kwa adabu.

Pili, nzi. Umemzungushia mtu tepu kifuani mchana kweupe. Msoma nyayo! Mtu anayejua kwa majani yaliyolala kwamba swala amepita asubuhi! Akafungua jicho, akaona tepu, akasikia habari za nzi, akasema haya. Kisha akafanya nini? Akakuinulia mkono, mama. Akakuinulia mkono ili upime vizuri, na wewe ukakimbia.

Na tatu, ambalo lilinifanya niiweke barua chini kwanza. Mkanda. Unasema mkanda wake anautoboa matundu mwenyewe kwa msumari, kwa hiyo haujaleta shida. Mkanda wa ngozi hauna mshono, Mama Mwenye Uzi Mrefu. Hauna pindo, hauna kitambaa cha akiba, hakuna mke anayeweza kuupanua mtu akiwa bafuni. Kila tundu jipya kwenye mkanda ule amelitoboa kwa mkono wake, na alijua analitoboa upande gani. Kauchukue huo mkanda uhesabu matundu. Hiyo ndiyo karatasi ya vipimo, na ameiandika mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika miaka kumi na minane kwa sababu mlikuwa mnaitembea wawili.

Kwa nini amenyamaza? Hilo muulize yeye, mimi si mkewe. Lakini nadhani mtu anayejua kwamba kila akinenepa kuna mkono unamfungulia nafasi kimya kimya hana haraka ya kuukamata mkono huo.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mpigie fundi umwambie asiguse patasi, na safari hii mtandao usikatike. Kesho asubuhi, mkiwa wawili, mwite chumbani kwako kama unavyomwita mteja. Mvalishe lile koti atakalokwenda nalo porini, kwa sababu bunduki itakaa juu ya koti. Usitoe hotuba, usilie, usianze na "nisamehe." Sema, "Simama wima nikupime." Andika kinachosomeka kwenye tepu na umpe kalamu atie sahihi. Kisha pandeni gari wote wawili mwende kwa huyo mzee, ampime tena mbele yako, kwa sababu kwenye suala la mwili wa mumeo nakuamini kwa kila kitu isipokuwa namba.

Suti ya harusi usiiguse. Iendelee kupita sebuleni.


Kwa kuwa tarehe ilikuwa imekaribia, nilimtumia mama huyu jibu lake kabla halijachapwa. Karatasi hii ndiyo aliyonirudishia:

Mshauri, nimehesabu matundu. Ni saba.

Nilimwita kama ulivyosema. Akaja, akavaa koti, akasimama, na akabana tumbo mpaka macho yakamtoka. Nikasema, "Pumua." Akasema, "Napumua." Nikasema, "Pumua yote, baba." Akanitazama kwenye kioo, halafu akashusha pumzi, na kila kitu kikashuka pamoja nayo, tepu ikaniteleza vidoleni. Akasema, "Andika hiyo hiyo. Bunduki lazima inijue."

Nikaandika. Tulikuwa tunacheka wote wawili, mimi na machozi juu. Nikamuuliza ameanza kujua lini, nikidhani ataniambia mwaka juzi, au basi ile suti. Akasema, "Siku ya kwanza." Akavua kofia yake ya porini, akaigeuza, akafunua utepe wa ndani. Mlikuwa na sindano yangu, imechomekwa vizuri, bado ina kipande cha uzi wa kijani. Kumbe siku ile nilikuwa nimeiacha ndani ya mshono wa suruali. Ilimchoma kiunoni alipokuwa anapanda gari la kampuni. "Nikaikuta," akasema, "nikajua kwamba mwili umeniacha kweli, lakini mke yupo." Tangu siku hiyo inakwenda naye kila safari.

Kwa fundi tumeenda. Yule mzee alimpima, akasoma karatasi yangu mpya, akasema, "Sasa huyu anakula." Alimpa mbao ya kujaribia, mume wangu akafumba macho, akainyanyua begani, akafungua macho. Aliishusha, akainyanyua tena, akaishusha, akainyanyua tena, kama mtoto na mlango mpya, mpaka fundi akamnyang'anya. Tarehe ishirini na nane mbao ikakatwa.

Nimemwomba sindano yangu anirudishie, maana ilikuwa nzuri, za siku hizi zinapinda. Amekataa.